Mashine Isiyojua Mlau

Barua ilimkuta Mwanawetu Nassibu kwenye mpunga wa Bi Tabu, ng'ambo ya kivuko cha Ndundu, tope limemfika magotini na khanga ameifunga juu. Aliyeileta alikuwa tarishi wa ofisini. Alisimama kwenye tuta na kuipunga kwa mbali, maana viatu vyake vilikuwa vipya. Ulikuwa mwezi wa Februari, mwaka tisini na tano, na mto ulikuwa bado umelala ndani ya kingo zake.

Aliisoma, akairudia, kisha akaikunja ndogo sana.

"Nani kafa?" aliuliza Bi Tabu bila kuinua mgongo. Alikuwa akipalilia.

"Hajafa mtu, mama. Naitwa semina Kibiti, siku tano."

"Semina si ndiko mnakokula pilau? Mbona uso umekuwa wa matanga?"

Mwanawetu alicheka kwa adabu tu. Hakumwambia yaliyomo katika mstari wa mwisho: matokeo ya kila mshiriki yatapelekwa juu. Miaka ile mtumishi wa serikali alikuwa akisoma barua kuanzia chini. Viwanda vilikuwa vinauzwa, ghala la pamba limefungwa kufuli na popo ndani, na neno kupunguzwa lilikuwa likitembea ofisi hadi ofisi kama kipindupindu, leo kwa jirani, kesho hujui. Yeye alikuwa bibi shamba kwa miaka kumi na sita. Nyumbani kwake Ikwiriri walikula watu sita: yeye, mama yake aliyepoteza macho, watoto wake watatu, na mtoto wa marehemu dada yake. Mume alikwenda Mtwara kutafuta korosho, akapata mke. Wote sita walining'inia kwenye jina moja, na jina lenyewe lilikuwa katika karatasi ya mtu ambaye Mwanawetu hajapata kumwona.

Semina ilifanyika kwenye chumba cha darasa. Jenereta lilinguruma nje dirishani, na juu ya madawati manne yaliyotandikwa vitambaa vya meza palikaa kompyuta nne. Mabwana shamba na mabibi shamba walikuwa ishirini na wawili. Waliingia kwa hatua za watu wanaoingia chumba cha mgonjwa, wakazitazama zile mashine kwa mbali, wakakaa viti vya nyuma.

Mwalimu wao aliitwa Talib, kijana wa Dar es Salaam, mpole, aliyewaamkia wakubwa wote shikamoo kabla ya kufungua mkoba wake. Alisema mradi wa wafadhili umeleta programu ya kufundishia kilimo, imetengenezwa nchi za nje, na yeye mwenyewe ameyatafsiri maneno yake. Ndani ya mashine mlikuwa na shamba la mfano na familia ya mfano. Mashine ingekuuliza unalima wapi, bondeni au juu. Ekari ngapi, mbegu gani, mbolea mifuko mingapi, chakula kiasi gani kiwekwe ghalani. Ukishajibu unabonyeza kitufe kikubwa, mwaka mzima unapita kwa kupepesa jicho, na kioo kinakuonyesha mvua ilivyonyesha na kilichobaki. Kwenye kona ya juu palikuwa na maneno ambayo hayakufutika hata mara moja. Walio hai: 6.

"Kila mmoja wetu ataishi miaka kumi," Talib alisema. "Uzuri wa mashine ni huo. Hapa mtu anakosea bila kumwumiza mtu."

Zamu ya Mwanawetu ilifika. Mikono aliyoizoea kwenye jembe na usukani wa baiskeli alikuwa haijui tena, ilikuwa kama ameazimwa. Aliandika kwa kidole kimoja. Alichagua bonde, kama ambavyo mtu yeyote wa Rufiji angechagua, kwa maana juu ni mchanga na mihogo, chakula kiko bondeni. Alipanda mpunga. Mwaka wa kwanza ulipita salama, na wa pili pia. Ghalani aliweka kidogo.

Mwaka wa tatu kioo kiliandika: Mafuriko. Mazao yote yamepotea.

Hakushtuka. Pumzi yake hata ilitulia kidogo. Maji yakipanda mpunga huweza kufa, naam, lakini maji yakishuka huacha tope jeusi lenye unyevu, na katika tope hilo Warufiji hupanda mlau: mahindi, kunde, maboga, bila tone la mvua, na kuvuna wakati wenzao wa juu wanasubiri mawingu. Mafuriko bondeni ni mgeni anayevunja vyungu na kuacha mzigo wa zawadi mlangoni. Basi Mwanawetu akaweka mikono mapajani, akasubiri mashine imwulize atapanda nini kwenye mlau.

Haikumwuliza. Akabonyeza kitufe.

Njaa. Walio hai: 4.

Aliuondoa mkono kama aliyegusa kaa la moto. "Mwalimu, naomba nirudi nyuma."

"Hairudi, mama. Kama maisha."

Watu wakacheka. Yeye alikuwa akiitazama ile nne. Mashine haikusema ni wawili gani waliokwenda, ila alijua. Njaa huanza na asiyeona na asiyejua kusema. Alimwona mama yake, alimwona mtoto mdogo wa nyumba, Hanifa. Alipanda tena, bonde lilelile, kwa kuwa hakujua kupanda pengine. Mbili. Kisha mwaka wa sita, kabla hajaiondoa pumzi kifuani, kona ya kioo ikaonyesha yai tupu.

Printa ilikwaruza, ikatema karatasi, na Talib akaibandika ukutani pamoja na nyingine. Nassibu, Mwanawetu. Walio hai: 0. Jina lake lilionekana kutokea mlangoni.

Wa bondeni wote walikufa. Waliookoka walikuwa watu wa juu, na aliyewapita wote alikuwa Miraji, bwana shamba wa Bungu, aliyesoma naye chuo na ambaye hakuwahi kunyamaza tangu enzi hizo.

"Nimefuga watu wangu kama kuku wa kisasa," alimwambia jioni, wakiwa wanakula chapati kwenye kibanda cha barabarani. "Sita wameingia, sita wametoka. Wewe dada umeua ukoo mzima."

"Usinitanie, Miraji. Sijala tangu asubuhi."

"Kula, basi. Mmoja wenu abaki." Alipoona hacheki, akashusha sauti. "Sikiliza. Ijumaa ndiyo ya kupeleka juu. Usiifundishe mashine, ipe inachotaka. Lima juu. Nunua mbolea mpaka ikome. Bonde usiliguse kabisa."

"Lakini si kweli."

"Nani kakuuliza kweli? Umeulizwa walio hai."

Kesho yake wakati wa chai alijikaza. Alimfuata Talib na kikombe mkononi ili mkono uwe na cha kushika. Karibu yao alisimama Bwana Mrisho, mkubwa wao wa kilimo, aliyekuja kuwakagua. Huyo alikuwa mzaliwa wa bondeni. Mama yake alimlea kwa maboga ya mlau, na kila mtu alijua.

"Mwalimu, maji yakishaondoka, mashine inatupa nafasi ya kupanda?"

"Kupanda nini, mama? Si yamepotea?"

"Mlau."

"Mlau ndiyo nini?"

Mwanawetu alimgeukia Bwana Mrisho. Ilikuwa ni jambo la sentensi moja, naye ndiye mwenye cheo cha kuisema. Bwana Mrisho alitazama ndani ya kikombe chake kama aliyeona mdudu. Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Hapo Mwanawetu akaelewa kwamba hata huyu ana karatasi yake mahali, nayo inasomwa na mtu.

"Basi, mwalimu," alisema. "Nilikuwa nauliza tu."

Ijumaa aliipa mashine ilichotaka. Alilima juu, kwenye mchanga usioota hata ubishi, akanunua mbolea ambayo hakuna mkulima wake aliyewahi kuifungua mfuko, na mwaka wa tatu mafuriko yalipokuja yalipita chini yake bila kumlowesha. Mwaka wa kumi ulipokwisha kona ilionyesha sita.

Wakulima kumi walikuwa wamealikwa kufunga semina, wameletwa na lori. Bi Tabu alikuwemo, kwa khanga yake ya sikukuu, na alipomwona Mwanawetu mbele ya mashine alimgusa jirani yake kwa kiwiko kumwonyesha. Talib, kwa nia njema kabisa, alimchagua Mwanawetu aeleze. Huyu mama alianza na sifuri, alisema, sasa ana watu sita. Atuambie amejifunza nini.

Alisimama. Bwana Mrisho alikuwa safu ya mbele na kalamu mkononi. Mwanawetu alimfikiria mama yake akipapasa ukuta kuelekea jikoni.

"Bonde ni hatari," sauti yake ilisema. "Tupande juu. Maji yakija bondeni, yanachukua kila kitu."

Wakulima walitazamana. Mzee mmoja alikohoa kwa namna ya mtu anayekataa. Bi Tabu hakukohoa. Alimwangalia Mwanawetu kwa muda, kichwa ameinamisha upande, kisha akaitikia taratibu, kama unavyomwitikia mwanao aliyesoma. Mwitikio huo ulimwogopesha Mwanawetu kuliko kalamu ya Bwana Mrisho.

Maji yalikuja Aprili. Yalipanda mtoni hadi kwenye majaruba, yakavuka matuta, yakalala juu ya mpunga siku kumi na nane. Mwezi wa Mei yakaanza kurudi. Mwanawetu alikuwa ameagizwa ajaze fomu kila mwezi, idadi ya kaya zilizoacha bonde, na kwa miezi mitatu alikuwa amejaza akiwa mezani kwake Ikwiriri, bila kuvuka kivuko. Aliandika kaya nane, kisha kumi na moja, kisha kumi na tatu. Alijiambia barabara ni mbaya, kisha kwamba baiskeli ina pancha. Usiku mama yake alimsikia akigeukageuka kitandani.

"Una nini wewe?"

"Mbu, mama."

"Mbu gani anayeng'ata mtu aliyejifunika gubigubi?"

Siku alipovuka ilikuwa katikati ya Juni, na hakuvuka kwa ujasiri. Fomu ilitaka safari hii sahihi ya mkulima mmoja aliyehama, na hakuweza kuighushi.

Bonde lote lilikuwa limeinama. Watu walitembea kwa mistari juu ya tope, mmoja anatoboa shimo kwa mti, wa nyuma anadondosha mbegu na kulifukia kwa kisigino. Kunde za waliotangulia zilikwisha kutoa majani mawili mawili. Katikati ya kijani hicho kipande kimoja kilikuwa kitupu, kimeanza kupasuka juu, na nyufa zake zilikuwa nyembamba bado, kama mistari ya kiganja. Mwanawetu alikijua kipande hicho. Alikwisha kusimama ndani yake miaka kumi na sita.

Alimkuta Bi Tabu juu, nyuma ya nyumba yake, kwenye kishamba kilichofyekwa mchangani. Mahindi yalikuwa yamefika kimo cha goti, yakajikunja majani na kukata tamaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea. Njoo uone shamba lako la mashine." Hakuwa akimsimanga. Alisema kama anayemwonyesha mtu kazi aliyoagizwa. "Nimeweka na samadi. Labda nimekosea mahali. Utaniambia."

Fomu ilikuwa mfukoni. Kalamu pia. Mwanawetu akakaa chini mchangani.

"Hukukosea, mama."

"Sasa mbona hayakui?"

"Kwa sababu niliyosema Kibiti si kweli. Ile mashine haijui mlau. Waliotengeneza hawajawahi kuusikia. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Bi Tabu aliweka jembe chini. "Ulinyamaza kwa nini?"

"Niliogopa. Walisema majina yatapelekwa juu. Niliogopa wasije wakaniondoa kazini."

Toka bondeni ilisikika sauti ya mtu akifukuza ndege kwa bati.

"Mkaza mwanangu, yule Sikujua, alinitukana," Bi Tabu alisema mwishowe. Huyo Sikujua alikuwa akilima kando ya kipande kile kitupu. "Kaniambia, mama umeacha tope la Mungu unakwenda kubembeleza mchanga. Nikamwambia nyamaza, bibi shamba kasoma. Nikampa na mbegu zangu zote." Alimtazama Mwanawetu, na macho yake hayakuwa na hasira wala msamaha, yalikuwa yanapima. "Mwaka walipotuhamisha kutoka bondeni kutuleta vijiji vya ujamaa, bwana mkubwa wa serikali hakuogopa kitu. Alisimama juu ya lori akatuambia hivyohivyo. Yeye sikumsikiliza. Wewe nilikusikiliza."

Mwanawetu alisimama, akajipangusa mchanga. "Tope bado lina maji chini," alisema. "Siku nne, labda tano. Kunde zitashika. Mahindi tukiwahi leo."

"Mbegu ziko kwa Sikujua."

"Nitaziomba mimi."

"Atakutukana."

"Anitukane."

Sikujua alimtukana kweli, kwa utulivu na kwa mpangilio, kuanzia elimu yake hadi baiskeli yake, huku akipima mbegu kwa kibaba na kuzimimina katika khanga ya Mwanawetu. Alipomaliza alichukua mti wa kutobolea akatangulia. Walipanda watatu. Mwanawetu alikuwa wa nyuma, kazi ya kisigino, na kila alipofukia shimo alijiuliza Bwana Mrisho akipita kwenye kivuko saa hii atamwona au hatamwona. Kwa siku nne hakuacha kugeuka nyuma kuitazama njia.

Kisha alikaa mezani kwake na ile fomu. Kaya zilizoacha bonde: aliandika sifuri. Hapo chini, palipoachwa nafasi ya maoni, ambapo hakuna mtu aliyewahi kuandika kitu, aliandika mistari sita. Kwamba mashine haina msimu wa mlau. Kwamba idadi alizotuma awali zilikuwa za uongo, naye ndiye aliyezitunga. Akatia sahihi. Aliipeleka mwenyewe Utete, ofisi ya wilaya, kwa kuwa alijijua, angempa mtu angemkimbilia njiani kumnyang'anya. Karani aliichukua bila kuitazama, akaitupia juu ya nyingine.

Julai ikapita. Kila baiskeli iliyosimama mbele ya nyumba ilimwinua kitini. Aliacha kumnunulia mama yake samaki wa Jumapili ili mdomo uanze kuzoea, na kwa siri alimwuliza jirani kama bado anahitaji mtu wa kusuka mikeka.

Majina ya wanaopunguzwa yalibandikwa Utete mwezi wa Agosti. Alikwenda akiwa amevaa nguo nyeusi, bila kukusudia. Mbele ya ubao palikuwa na watu wasiosemezana. Alianzia chini, kama kawaida. Alipanda jina kwa jina, herufi kwa herufi, hadi juu, kisha akashuka tena. Lake halikuwemo. Alirudia mara ya tatu, na safari hii aliliona jina la Miraji.

Miraji alikuwa ameegemea ukuta, mikono mifukoni. "Watu wangu sita wazima, dada," alisema. "Aliyekufa ni mimi."

"Haiwezekani. Wewe ulikuwa wa kwanza."

"Soma tarehe."

Alisoma. Juu kabisa, kando ya mhuri, barua ya kuleta orodha ilikuwa ya tarehe kumi na mbili Januari. Ilikuwa imepigwa chapa wiki sita kabla jenereta halijanguruma Kibiti, kabla ya kalamu ya Bwana Mrisho na ile sita ya kwenye kona ya kioo. Hakuna aliyekuwa ametazama matokeo. Huenda hata fomu yake haikufunguliwa, ipo mahali chini ya nyingine, na maungamo yake ndani.

Alitaka kumwambia Miraji neno, lakini lililomjia lilikuwa la aibu: furaha, iliyochanganyika na hofu kwamba itaonekana. Akamshika mkono tu. Walikaa hivyo hadi karani alipotoka kufunga ofisi.

"Kuna orodha nyingine mwakani," Miraji alisema. "Usilale sana."

"Silali."

Kesho yake alivuka kivuko. Bi Tabu alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu wanachokaa watu wa bondeni kulinda mazao, na chini yake mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu. Mwanawetu alimpa habari akiwa amesimama chini, shingo ameinua: orodha imetoka, jina lake halimo, na lilikuwa halimo tangu mwanzo.

Bi Tabu alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo uliogopa bure."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa?"

Mwanawetu alitazama njia ya kivukoni, akajikuta anaitazama, akageuza uso. "Bado naogopa," alisema.

"Haya, panda," Bi Tabu alisema, akisogea kumpa nafasi. "Nguruwe wameingia kwa Sikujua jana. Wewe shika bati, utazame upande ule."